Kwa Vyombo Vyovyote Vitatu

Kila anayeiona kazi ile huniuliza swali moja: ni ya vyombo gani? Walimu wenzangu hapa Migori huuliza wakiwa wamekunja uso, kana kwamba nimewauzia sufuria bila mfuniko. Nami huwajibu kwa mkato. Ni ya vyombo vyovyote vitatu. Kama una tarumbeta, piga tarumbeta. Kama una gitaa, piga gitaa. Kama huna kitu ila koo lako, imba. Hapo mtu hutikisa kichwa, akasema muziki wa siku hizi una mambo, na mimi humwacha aende zake, maana nikianza kumweleza nitaishia kumtukana.

Sikuandika majina ya vyombo kwa sababu baba alinikataza. Wanaodhani nilikuwa najitia usasa wamekosea. Nilikuwa najaribu kuandikia boma lenye nyumba tatu na watoto watatu wasiopatana hata kwa salamu.

Boma letu liko nje kidogo ya Rangwe. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, imetazama lango. Ya nyachira, mke wa pili, iko mkono wa kulia. Ya tatu iko kushoto, imebanwa na ua wa minyaa, na hiyo ndiyo ya mama. Mama alitoka upande wa Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, akaolewa bila neno la Dholuo mdomoni, ndiyo maana mimi na yeye huzungumza Kiswahili mpaka leo. Majirani wakamwita Nyar Kuria, binti wa Kuria. Jirani akimwita mke wa mtu hivyo ni heshima. Lakini mtoto wa boma anatakiwa aseme mama, na watoto wa zile nyumba mbili hawakuwahi kusema. Nyar Kuria, baba anakuita. Nyar Kuria, mbuzi wako wameingia kwa mboga. Nilikua nikilisikia jina hilo asubuhi na jioni.

Mbaya zaidi ilikuwa zamu. Kwetu nyumba ya kwanza ndiyo hupanda kwanza na kuvuna kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na kuvunja mpangilio huo ni kuita chira, laana ambayo watu wa huku hawaifanyii mzaha. Mke wa kwanza alipofariki, zamu yake ilibaki kwa mwanawe, kaka yangu mkubwa. Kaka ana mashimo ya dhahabu kule Osiri, na mkewe anaishi mjini na kucha ndefu. Mwaka ule baba alipokuwa ameshalazwa kitandani, mvua ilianza vizuri. Mama akakaa mlangoni na beseni la mbegu mapajani, akingoja shemeji yangu aje atupe punje chache kwenye shamba lao ili naye apate ruhusa ya kupanda lake. Shemeji alifika mvua ikiwa imeshakata. Mahindi ya mama yalitoka mafupi na manjano. Kaka alipopita akayaona, akacheka.

"Nyar Kuria, hii ni mahindi ama ni nyasi?"

Sijamsamehe, na sina mpango wa kumsamehe.

Kitu kimoja tu baba alitugawia sawasawa, nacho ni solfa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na wa kwaya ya kanisa, na alitufundisha sote d, r, m kwa rula, yaani ukikosea rula inakufikia. Kaka akaenda nayo kwenye tarumbeta ya kanisa. Dada wa nyumba ya pili akaipeleka kwenye orutu, lile zeze la uzi mmoja alilofundishwa na mjomba wake, watu wakasema mwanamke hapigi orutu, naye akawaambia wamwondokee. Mimi nikaishia kwenye fidla na kazi ya kufundisha. Uzuri wa solfa ni kwamba haijui chombo. Imeandikwa herufi tu, na yeyote anayeisoma ataipiga kwa alichonacho. Kimya nacho hakiandikwi. Mahali pa kimya unaacha nafasi tupu kwenye mstari, na msomaji anajua hapo anyamaze.

Baba aliniita kitandani miezi michache kabla hajafa. Dada alikuwa ameolewa Mfangano na anauza samaki huko, na alikuwa amemchukua mamake wakaishi kisiwani. Kaka alikuwa akija na mkate, anasimama mlangoni, anaangalia saa, anaondoka. Aliyemgeuza baba, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko ni mama, peke yake katika boma zima. Mimi nilifika wikendi tu.

"Niandikie kitu," baba akasema. "Kitu cha nyumba zote tatu. Mkipige siku ya kunikumbuka."

"Cha tarumbeta, orutu na fidla?"

"Usiandike chombo. Ukiandika tarumbeta kwanza, yule wa orutu atasema umependelea. Ukiandika orutu kwanza, kaka yako hatakuja. Andika sauti tatu, basi. Kila mtu aje na yake."

Nikaandika. Ni kazi ya watu watatu, ya kupigwa sebuleni au chini ya hema, kila sauti na mtu wake, pasipo mtu wa kusimama mbele akipunga mikono. Hapo penyewe ndipo vita vilipoingilia. Pasipo wa kupunga mikono, lazima mmoja aanze.

Baba hakusema nani aanze. Kwa hiyo nikanakili karatasi tatu mbalimbali, na juu ya kila moja nikaandika maneno machache: Anayeanza. Anayefuata. Anayekuja Mwisho. Yeyote angeweza kuchukua yoyote. Kwa maandishi ilikuwa haki tupu. Lakini nilijua vizuri nani angechukua ipi, na niliandika nikijua. Anayeanza anaingia kwa mbwembwe, anapewa noti za juu za kujionyesha, kisha sauti yake inakatika mapema na sehemu yote iliyobaki ya karatasi ni nafasi tupu. Anayefuata anampita kidogo, naye ananyamaza. Anayekuja Mwisho ana ukurasa mzima wa kupiga peke yake. Nilitaka kaka akae mbele ya jamaa zake na tarumbeta mapajani kama mtu aliyepitwa na gari, huku nyumba ya kushoto ikisema neno la mwisho. Tulikuwa tumepanda mwisho na kuvuna mwisho miaka yote. Safari hii nilitaka huo umwisho utufae.

Tulifanyia mazoezi kwangu, Migori, kwa kuwa kaka hulala mjini siku za kazi. Alikanyaga zulia langu na viatu vyenye vumbi jekundu la mashimoni. Dada alitoka Mfangano na orutu ndani ya gunia lililonuka omena, dagaa wa ziwani. Hawakusalimiana. Niliweka karatasi tatu mezani, na kaka akanyakua ya juu.

"Hii 'Anayeanza' si ni yangu?" Alikuwa ameshaikunja na kuibana kwenye tarumbeta.

"Ni ya yeyote," nikasema.

"Yeyote ni nani? Ticha, kwa hii boma kuna mtu anaitwa Yeyote? Nyumba ya mikayi ndio huanza. Hata kuku wanajua."

"Chukua tu," dada akasema. "Ukianza vibaya si tutasikia wote?"

Akachukua ya pili bila kuisoma, kama nyumba yake ilivyozoea. Ya tatu ikabaki mezani ikinitazama.

Hatukufika mwisho siku ile. Kaka alipuliza kana kwamba kuta zangu zimemkosea. Dada akaacha kupiga, akamuuliza anacheza muziki au anaita ng'ombe. Kisha ikaja habari ya kulinganisha sauti. Nilimwomba dada akaze uzi wake kidogo ufuate tarumbeta. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Uzi wangu uko vile mjomba aliufunga. Nyinyi ndio mnifuate. Hiyo yako iko na nyuzi nne na bado inalia kama paka amekanyagwa."

"Yawa, watu waache mchezo," kaka akasema, huku simu yake ikiita. Mashine ya kusaga mawe ilikuwa imekwama Osiri. Akaondoka na karatasi yake mfukoni. Mara ya pili tulipokutana tulikorofishana hata kabla ya kukaa, dada akidai kaka amefunga njia ya shamba lao, na kaka akidai dada hana haki ya kusema lolote maana ameshaolewa. Nikawaambia kila mtu akasome karatasi yake nyumbani.

"Ni ka-wimbo tu, ticha," kaka akanijibu mlangoni. "Mimi nilikuwa napiga tarumbeta kanisani wewe hujajua kupenga kamasi."

Nikatabasamu. Nadhani alifikiri ni heshima.

Siku ya kumkumbuka baba, kaburi lilikuwa limeshapigwa vigae na hema limesimamishwa mbele yake. Kaka ndiye aliyepanga viti. Mke wa pili, aliyeletwa kutoka kisiwani, aliketi mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Mama aliwekwa pembeni, pale moshi wa wapishi ulipokuwa ukipita. Alikuwa amevaa gauni jipya nililomshonea. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nalalamika moyoni, toka asubuhi, na kila moshi ulipomfikia nikazidi kuwa na hamu ya kuanza.

Mshereheshaji akatangaza kwamba watoto wa marehemu watapiga muziki, kitu kifupi, na watu wasiende bado kwa chakula. Tukakaa watatu, kaka katikati. Alivuta pumzi akaanza.

Alipiga vizuri. Inaniuma kuliandika hilo, lakini alipiga vizuri sana, sauti safi, mpaka wale wageni wake wa Osiri wakaanza kutikisa vichwa. Orutu ikaingia kwa ukali wake wa puani, isiyokubaliana kabisa na tarumbeta, na kutokubaliana kwao kukawa kuzuri kuliko nilivyowaza nilipokuwa nikiandika. Mimi nikaingia mwisho. Kwa muda mfupi nyumba tatu zikasikika pamoja, kila moja ikisema lake, wala hakuna aliyeinuka.

Kisha noti za kaka zikaisha. Akashusha tarumbeta, akangoja, akaitazama karatasi. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe. Akanitazama mimi, na mimi nikamtazama huku upinde wangu ukiendelea. Shangazi mmoja aliinama akamnong'oneza mwenzake, na wote wawili wakamtazama kaka aliyekaa hapo katikati na suti yake, hana la kufanya. Nilifurahi.

Baadaye kidogo orutu nayo ikanyamaza. Nikabaki mimi.

Ule ukurasa niliuandika taratibu sana. Noti ni chache na kati yao kuna nafasi za kutosha, maana nilitaka kila mtu asikie ni nyumba ipi inayosema. Nikapiga nikimtafuta mama kwa macho. Nilidhani nitamwona ameinua uso. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake iliyolala magotini, na moshi ulikuwa umemzunguka. Nikasema moyoni, ni machozi ya furaha. Nikaendelea.

Ndipo orutu ikarudi. Niliisikia kabla sijaamini, noti moja tu, s ya chini, ameishikilia bila kuiachia. Hakuna s pale. Hakuna chochote pale, karatasi yake ilikuwa tupu. Nikamtolea macho. Dada alikuwa amefumba yake. Nikaongeza mwendo nimwache nyuma, akanifuata. Nikapunguza, akapunguza. Alitembea chini ya fidla yangu noti kwa noti mpaka mwisho, tukamaliza wawili, na watu wakapiga vigelegele na mshereheshaji akapaza sauti kwamba huo ndio umoja wa familia. Nilitaka kumpiga na upinde.

Kaka alinifuata nyuma ya tangi la maji.

"Ulinikata."

"Karatasi yako ilikuwa imeisha, Jaduong'," nikamjibu, nikimwita mzee kwa kejeli.

"Uliniaibisha mbele ya watu wangu. Hiyo roho yako, ticha, hiyo roho itakumaliza." Akaenda zake kugawa soda. Sikumjali. Niliyemtaka alikuwa yule mwingine, aliyekuwa amechuchumaa kando ya ua anairudisha orutu guniani.

"Nani alikuambia uingie?" nikamuuliza.

"Karatasi yako ilikuwa na nafasi."

"Ile nafasi ni kimya. Unajua solfa. Baba alikufundisha."

"Najua ni kimya. Nikaona ni kirefu sana."

"Hakikuwa chako kujaza."

Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akasimama, akalitupia begani.

"Si ni wewe uliandika yeyote? Basi mimi ndio Yeyote." Akaniacha nimesimama hapo.

Jioni, wageni walipopungua, nilimkuta mama nyuma ya nyumba yake anasugua sufuria kwa majivu. Nikaketi kwenye kigogo kando yake, nikingoja asifu. Alisugua mpaka sufuria ikang'aa, akaifudikiza chini, akachukua nyingine.

"Ulipobaki peke yako nilitaka kuinuka niingie ndani," akasema.

"Kwa nini, mama? Ile ilikuwa yako. Niliiandika nyumba yetu ndiyo imalize."

"Nyumba yetu ndiyo humaliza kila siku. Baba yako alipougua, mtoto wa nyumba ya kwanza alikuja akaenda. Wa pili akaenda kisiwani. Ni nani alibaki? Usiku anakohoa, niko naye. Asubuhi hawezi kuinuka, niko naye. Boma lote hili, hakuna hata mtu wa kuniambia pole." Akamwaga maji. "Nikakusikia pale, hao wengine wamenyamaza, wewe unaendelea, unaendelea. Nikasema, kumbe hata kwa wimbo nitabaki peke yangu."

Nilitamani kumwambia kwamba hakuelewa, kwamba ilikuwa heshima, kwamba kaka alikuwa amekaa pale kama gunia. Lakini alikuwa ameelewa kila noti.

"Halafu yule msichana wa nyumba ya pili akarudi," mama akasema. "Hapo nikapumua. Ulimwambia arudi?"

"Sikumwambia."

"Alirudi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Mpelekee shukrani zangu."

Nikasema nitampelekea, na sikumpelekea. Kila nilipokwenda Rangwe mama aliniuliza, na kila mara nilikuwa na sababu. Mtandao wa kisiwani ni mbaya. Simu yake imezimwa. Yuko ziwani, yuko sokoni. Ukweli ni kwamba nilifungua namba yake nikaifunga tena, mara nyingi, nimekaa kitandani kwangu Migori na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Shule moja ya Homa Bay iliomba nakala ya kazi ile. Nikanakili karatasi zote tatu, na nilipofika kwenye ile nafasi ya Anayefuata nilisimamisha kalamu. Nilikuwa nakumbuka kila alichopiga. Kuiandika kungekuwa kumshukuru, kwa hiyo nikaiacha tupu.

Mwezi uliopita mama alichoka kuniuliza.

"Nipe simu," akasema. "Nitampigia mimi."

Nikaitafuta namba, nikaifungulia sauti kubwa kwa sababu mama hasikii vizuri sikio moja. Simu ikapokelewa mara moja. Mama akanitupia jicho, hakusema kitu kuhusu mtandao.

"Ni mimi," akasema. "Ni Nyar Kuria."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za soko, mtu anabishana bei ya samaki.

"Siku ile ulirudi," mama akasema. "Kwa wimbo. Nilitaka kukushukuru."

Zile kelele zikasogea mbali, kama mtu aliyetoka nje. Nilidhani dada atacheka, na nilikuwa tayari nina la kumwambia.

"Nilikuona vile uliinamisha kichwa, mama," akasema. "Singeweza kukaa tu, mama. Ungefanya nini wewe?"

Walizungumza kidogo habari za mvua na za mguu wa mamake, kisha wakaagana. Mama aliishika simu baada ya kioo kuzimika, akaipangusa kwa kanga, akanirudishia. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, wala siku ile nilipohitimu, wala siku nilipomletea mabati ya nyumba.

"Umesikia vile ameniita?" akaniuliza.

Nikamwambia sikusikia.